Mcheza Magongo wa Mawaleh

Kila siku baada ya swala ya alasiri, ukuta wa nyuma wa nyumba yetu ya Mawaleh, Maskati, ulikuwa ukipigwa. Mwanangu alisimama mbele yake na gongo mkononi, akakipiga kipira kidogo cha ngozi, kikagonga ukuta kikarudi, akakidaka, akakipiga tena. Mlio wake ulikuwa mkavu, kama mlango unaobamizwa na mtu mwenye hasira. Rangi ya ukuta ilibanduka, plasta ikafuata, mwisho tukaona matofali.

Jirani wa upande wa pili alivumilia muda mrefu. Siku moja akaja getini, amevaa kanzu yake safi na kofia, akasema kwa Kiarabu, kwa adabu kabisa, kwamba mkewe hapati usingizi wa mchana. Mama yangu ndiye aliyetoka. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwa Kiarabu hichohicho: "Na honi ya gari ya mwanao kila alfajiri, mimi nimekuja kukugongea mlango?" Yule bwana akacheka, akaondoka. Mama akageuka na kumwambia mjukuu wake kwa Kiswahili:

"Piga, baba. Lakini ngoja saa kumi na moja, yule mama apumzike kidogo."

Halafu akaja jikoni kwangu, akaketi. "Mtoto anacheza kirumbizi na ukuta," akasema. Kirumbizi, kwa asiyejua, ni ile ngoma ya kwetu ambayo wanaume wawili huingia uwanjani na fimbo na kutafutana. "Hajapata mtu wa kucheza naye, ndiyo maana anacheza na ukuta. Mwacheni."

Tukamwacha. Ila ilikuwaje mtoto wa Mawaleh akashika gongo la Ayalandi, hilo sharti nilieleze kwanza, maana wengi wameniuliza, na wengine wameuliza kwa kejeli.

Mimi nimezaliwa Maskati, wazazi wangu wametoka Unguja. Nyumbani tulisema Kiswahili, skuli Kiarabu, na nilipoajiriwa mfamasia hospitalini nikaongeza Kiingereza. Mume wangu nilimkuta dirishani. Alikuja kuchukua dawa ya goti. Alikuwa mhandisi wa mitambo ya kusafisha maji ya bahari, kijana mrefu wa Ayalandi mwenye shingo iliyoungua na jua, na goti lile lilikuwa limeharibika uwanjani kwao, katika mchezo ambao sikuwahi kuusikia. Nilimwambia asimeze dawa na tumbo tupu. Akarudi wiki iliyofuata kuniambia kwamba amekula.

Alisilimu, na Kiswahili alifundishwa na mama yangu, si mimi, ndiyo maana mpaka leo anasema "nnakwenda" na "nnataka" kama mtu wa Unguja. Vibali vya ndoa vilichukua muda mrefu. Kilichochukua muda mrefu zaidi ni ami yangu. Baba yangu alikwisha kufariki, na ami ndiye aliyekuwa walii wangu wa ndoa. Mwisho alikubali, kwa shingo upande, na siku ya kukubali alinikalisha sebuleni kwake akaniambia: "Sikatai dini yake. Lakini watoto wako hawatakuwa wetu, wala hawatakuwa wao."

Nikamjibu: "Watakuwa wangu, ami."

Nilimjibu haraka, kwa ujana. Leo ningemjibu vilevile, bila haraka.

Tulipata mmoja tu. Kwa karatasi, mtoto humfuata baba. Kwa hivyo mwanangu aliyezaliwa Maskati, aliyelelewa kwa vitumbua vya bibi yake, aliyesoma Kurani kwa ustadhi wa mtaani, pasi yake ni ya Ayalandi. Alipokuwa mdogo jambo hilo halikuwa na uzito. Lilikuwa kijitabu ndani ya droo.

Mchezo wa kwanza alioupenda ulikuwa kriketi. Ijumaa asubuhi, katika uwanja wa vumbi karibu na soko la matunda, walicheza watoto wa Kihindi, wa Kipakistani na wa Kibangladeshi, baba zao wakiwa wapakuzi na madereva wa sokoni. Mwanangu alikuwa anavuka barabara na kujiunga nao. Huko ndiko alikojifunza kushika kipande cha mti kwa mikono miwili, mkono wa kushoto juu, wa kulia chini, na kuzungusha.

Baba yake alipomwona anapiga vizuri, alitoa stoo gongo lake la zamani, akalikata liwe fupi. Akamweleza mchezo wa kwao, nami nikausikia kwa mara ya kwanza kwa ukamilifu wake. Wachezaji kumi na tano kila upande. Gongo lina ubapa mwishoni, kama mwiko mkubwa. Kipira unaweza kukipiga hewani, kukidaka kwa mkono, kukimbia nacho kikiwa kimekaa juu ya gongo. Ukikipitisha juu ya mwamba wa goli umepata pointi moja, ukikiingiza wavuni umepata tatu. Wote wanapiga kwa wakati mmoja, na magongo yanagongana kichwani, vidoleni, popote.

"Na hili nalo ni mchezo?" nikauliza.

"Ni mchezo wa zamani sana," akasema mume wangu.

"Vita pia ni vya zamani."

Maskati hapa walikuwapo Wairishi wa kutosha, walimu na wauguzi, ambao jioni moja kwa wiki walikodi kiwanja cha nyasi upande wa Madinat Sultan Qaboos wakacheza. Mume wangu alikuwa akienda kutazama tu kwa sababu ya goti. Sasa akaanza kwenda na mtoto. Tangu siku ya kwanza kukawa na ugomvi mmoja uliodumu miaka.

"Mkono wa kulia juu," baba yake akamwambia.

"Kwa nini?"

"Ndivyo linavyoshikwa."

"Mimi nalishika hivi."

Baba yake alimgeuza mikono. Akigeuka tu kuokota kipira, mtoto ameirudisha kushoto juu, kulia chini, kama alivyofundishwa kwenye vumbi la sokoni. Mume wangu si mtu wa kupiga kelele. Alimweleza sababu: mshiko ule unafanya mzunguko wa gongo uwe mrefu, na adui anayekuja nyuma yako anapata nafasi ya kulikamata gongo lako kwa gongo lake kabla hujapiga. Mtoto alisikiliza kwa heshima zote, na hakubadilisha kitu.

Hata hivyo, wakati ule magongo yalikuwa mchezo wa pembeni. Roho yake ilikuwa kwenye mpira wa miguu, kama watoto wote wa mtaa. Alikuwa na mbio na alikuwa na chenga. Kocha wa vijana wa klabu moja alimwona, akamwita mazoezini, na kwa miezi kadhaa nilimpeleka na kumrudisha, nguo zake zikinuka jasho na nyasi, mdomo haufungi kwa hadithi. Kisha ukaja msimu wa mashindano, na wachezaji wakatakiwa kusajiliwa.

Nilikuwa nimeegesha gari nje. Alitoka peke yake, begi begani, wenzake bado wako ndani. Akapanda, akafunga mkanda.

"Mbona mapema?"

"Wamesema naweza kuendelea kufanya mazoezi nao. Lakini kwenye mechi, hapana."

"Kwa nini?"

"Mimi ajnabi."

Alilisema neno lile kwa Kiarabu kama alivyoambiwa. Mgeni. Mtoto ambaye akicheka anacheka Kiomani, akilia analia Kiswahili. Nikaweka mkono kwenye kitasa cha mlango.

"Usiende, Mama."

Sikwenda siku ile, kwa ajili yake. Nilikwenda kesho yake bila kumwambia. Kocha alikuwa mtu mwema, aliona haya mpaka masikio yakawa mekundu. "Si mimi, ukhti," akasema. "Mtoto wako nampenda. Ni kanuni." Nikamwambia kanuni haijui kupiga chenga, mwanangu anajua. Alicheka kwa huzuni. Nikaondoka, sikurudi tena pale, na barabara ile mpaka leo nikiweza kuipita kando naipita kando.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni ile safari ya kurudi nyumbani siku aliyokataliwa. Tulikuwa tumekaribia mzunguko wa barabara wa Mawaleh. Akasema, macho mbele:

"Wakisema mimi Muairishi, sawa. Mimi Muairishi. Wairishi wanacheza nini?"

"Si unajua."

"Basi nitacheza hicho. Na nitakicheza vizuri kuliko wao."

Kuanzia siku hiyo ndipo ukuta wetu ulipoanza kubomoka.

Baada ya mwaka mmoja au miwili, timu za Wairishi wa miji ya Ghuba zilikuja kushindana Maskati. Timu yetu ilipungukiwa na watu, wengine wako likizo, na mwanangu, ambaye sharubu zilikuwa ndiyo kwanza zinaota, akapewa fulana. Nilipinga. Mume wangu akasema tumwulize mwenyewe, na kumwuliza mwenyewe kulikuwa sawa na kukubali.

Mama yangu alitaka kuja. Alikuja na chupa ya chai, kikapu cha mandazi na kiti chake, akakaa pembeni ya mstari na abaya lake kati ya wanawake wa Kiairishi waliovaa kaptura na kofia za jua. Nusu saa haijapita, wote wanakula mandazi yake.

Mpinzani wa mwanangu alikuwa jibaba la mikono minene. Alipoona jinsi mtoto alivyoshika gongo alimwonyesha mwenzake kwa kidevu, wakacheka. Kipira cha kwanza kilipokuja, mwanangu alizungusha, na jibaba likalikamata gongo lake nyuma, kama baba yake alivyomwonya. Cha pili vilevile. Cha tatu hakungoja kukidaka. Alikipiga kikiwa bado hewani, wakati jibaba linatafuta gongo la kukamata, na kipira kikapita juu ya mwamba.

"Mpige!" Mama yangu alisimama. "La, usimpige yeye! Kipige hicho kipira!"

Hakuna aliyeelewa Kiswahili chake isipokuwa sisi watatu, lakini wanawake wote walishangilia.

Kipindi cha pili magongo mawili yalikutana juu ya mkono wake. Nilisikia mlio kabla sijaona. Aliinama, akakishika kidole chake cha pete, na nilipofika kilikuwa kimepinda pasipo na kiungo. Mimi ni mfamasia, nikajua kimevunjika. Nikamwambia refa mtoto anatoka.

"Sitoki."

"Kidole kimevunjika."

"Vimebaki tisa." Halafu akaninong'oneza, maana alijua wanaume wale wazima wanatutazama: "Mama, ukinitoa sasa, watasema nimetolewa na mama yangu."

Nilitaka kumburura kwa sikio. Nikamtazama usoni kupitia wavu wa helmeti. Hakuwa analia, wala hakuwa anajifanya shujaa. Alikuwa anasubiri tu, kwa subira, nimalize kuwa mama. Nikaomba plasta kwa muuguzi wa timu, nikakifunga kidole kile pamoja na mwenzake kwa mkono wangu mwenyewe. Tulifungwa mechi ile. Kidole hakikunyooka tena vizuri. Ami yangu alipopata habari alinipigia simu kuniuliza mimi ni mama wa aina gani. Nikamwambia aina anayoijua, aliyoiozesha yeye mwenyewe.

Alipomaliza skuli alikwenda kusoma uhandisi Ayalandi, katika mji ulio karibu na kijiji cha baba yake, akajiunga na klabu ya kijiji. Alidhani amefika nyumbani kwa mchezo wake. Kule, watoto hupewa gongo kabla hawajajua kufunga viatu. Kocha alikuwa mzee aliyewahi kucheza pamoja na baba yake. Alimpokea kwa mikono miwili, akamtazama akipiga vipira vichache, na uso wake ukabadilika.

Kipupwe kizima mwanangu alikaa benchi. Alinipigia wakati wangu wa chakula cha mchana, nami nikatoka hadi kwenye maegesho ya hospitali nikasimama chini ya kivuli cha bati.

"Mzee amesema nikitaka kucheza kwake, nibadilishe mikono."

"Na wenzako wanasemaje?"

"Wanasema nashika gongo kama Mhindi wa kriketi."

"Na wewe umesemaje?"

"Nimewaambia Wahindi wanajua kupiga."

Nilicheka, naye akacheka, lakini sauti yake ilikuwa imechoka. Akanieleza kwamba mvua inanyesha kwa ubavu, kwamba uwanja ni tope mpaka vifundoni. Wengine walimwita Mwarabu, bila ubaya, alisema, kama wanavyomwita mwingine Mnene. Maskati yeye ajnabi, kule yeye Mwarabu. Nikakumbuka maneno ya ami yangu na damu ikanipanda kichwani, nimesimama pale kwenye joto la adhuhuri, watu wananipita na mifuko ya dawa.

"Unataka kurudi?" nikamwuliza.

"Sijasema nataka kurudi, Mama. Nimesema nipo benchi."

Alirudi kiangazi kwa likizo, amekonda, mkimya. Siku ya pili ami akaja kumsalimia. Ami ni mtu wa heshima, aliyefanya kazi serikalini mpaka akastaafu, na kila mtu katika ukoo humsikiliza. Tulimkaribisha kahawa na halua. Alimwuliza mwanangu masomo yake, akaridhika. Kisha akauliza magongo.

"Hawanichezeshi," mwanangu akasema.

"Alhamdulillahi," ami akasema. "Basi yamekwisha. Sasa utulie usome. Mambo ya watu si ya kulazimisha. Mimi nilisema tangu mwanzo."

Kijana aliinamisha kichwa, kwa sababu tumemlea asimjibu mkubwa. Lakini mimi sikuwa mtoto tena.

"Ami," nikasema, "ulisema hatakuwa wetu wala wao. Umekaa miaka yote hii unangoja iwe kweli. Hapa walimkataa kwa karatasi, kule wanamkataa kwa mkono. Mimi sitaki akubaliwe na mtu. Nataka acheze."

Ami akaweka kikombe chake chini. Mama yangu, ambaye nilidhani atanikemea kwa kumvunjia shemegi yake heshima, akamsogezea sahani.

"Kula halua, shemegi," akasema. "Mwana akisema kweli, kweli haina mkubwa."

Hakula. Aliaga na kuondoka, na ulipita muda mrefu kabla hajaingia tena nyumbani kwangu.

Alfajiri iliyofuata, baada ya swala, mume wangu alimwamsha mwanawe wakaenda ufukweni Qantab, na mimi nikaenda nao kwa sababu sikuwa na zamu. Kiangazi cha Maskati, mtu anayetaka kutoa jasho kwa hiari sharti awahi kabla jua halijapanda milima. Kijiji kile kimekaa ndani ya ghuba ndogo, majabali yameizunguka, na kulikuwa na ukanda wa mchanga mgumu ambao maji yalikuwa yamekwisha kuuacha. Mume wangu akakaa juu ya jiwe, goti lake amelinyoosha, akamtazama mwanawe akipiga. Alitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama kitu bila kukirekebisha.

"Nimekosea," akasema mwishowe, kwa Kiswahili. "Miaka yote nimetazama mikono. Mikono haina neno. Mzunguko ndio mrefu. Unapiga kama mtu anayekung'uta zulia."

"Nifanyeje?"

"Shika chini zaidi. Viwiko karibu na mbavu. Piga mfupi, haraka, kama mtu aliyefungiwa chooni."

Akainuka, akachukua gongo la pili, akasimama nyuma ya mwanawe. Kila kijana alipozungusha, baba alilikamata gongo lake. Akamwambia, "Tena." Akalikamata. "Tena." Baba anachechemea mchangani, uso mwekundu kama pilipili, mwana anatukana kimoyomoyo, nami nimeloa jasho kwa kukaa tu. Watu waliokuja kuogelea walisimama kututazama, wakadhani tunagombana. Jua lilipofika usawa wa majabali, kijana alipiga moja fupi, kavu, na gongo la baba yake likakuta hewa. Kipira kikaenda kugonga jabali la upande wa pili.

Waliingia baharini na nguo zao.

Walikwenda kiangazi chote. Mkono wa kushoto ulibaki juu, wa kulia chini.

Aliporudi Ayalandi, alimwambia kocha wazi kwamba mikono haibadilishi, na kwamba angependa kupangwa timu ya pili, wale ambao hakuna mtu anayewatazama. Mzee akamwambia timu ya pili haina mtu wa mbele hata hivyo. Hakumpa kwa mapenzi, alimpa kwa uhaba. Ilitosha. Akacheza msimu mzima kwenye viwanja vya tope, mbele ya wazee wachache na mbwa wao, na timu ile ikashinda, ikashinda, mpaka ikaingia fainali ya daraja lake.

Fainali ilionyeshwa moja kwa moja mtandaoni. Mume wangu aliunganisha simu na televisheni, nasi tukakaa sebuleni kabla ya magharibi: mimi, yeye, mama yangu na jirani yetu wa honi, ambaye alisikia mechi inachezwa na akasema ana haki ya kuona alichoteseka nacho. Mtangazaji alishindwa kulitamka jina la mwanangu. Kila alipokosea, mama yangu aliirekebisha televisheni.

Hawakumwanzisha. Aliingia kipindi cha pili, timu yake iko nyuma. Kipira chake cha kwanza kilikuja kizuri, akazungusha, na beki akalikamata gongo lake. Nilifumba macho. Mtangazaji akasema kile alichokisema kila mtu: huyu kijana mshiko wake si sawa, hapa hatoweza.

"Mwongo wewe," mama yangu akamwambia.

Kipira cha pili alikidaka katikati ya watu, akageuka, viwiko mbavuni, akapiga kifupi. Juu ya mwamba. Kisha pointi nyingine. Karibu na mwisho, kipira kilianguka mbele ya goli katika msitu wa miguu na magongo, watu wameanguka, na hapakuwa na nafasi ya mtu kuzungusha gongo ila yeye ambaye hakuhitaji nafasi. Wavu ukatikisika. Mume wangu, mtu asiyepiga kelele, alipiga ukelele ambao sijui aliuhifadhi wapi miaka yote ile. Alikaa chini, akalishika goti lake kwa mikono miwili, akalia.

Walishinda kwa pointi moja. Kwenye televisheni tulimwona mwanetu amebebwa, helmeti imetoka, tope mpaka kwenye nyusi, akisema kitu kwa nguvu. Mama yangu akasema anasema Allahu Akbar. Mume wangu akasema anatukana. Kila mtu alibaki na lake.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo njia ilinyooka. Haikunyooka. Mwaka uliofuata waliitwa vijana wa klabu zote kujaribiwa kwa timu ya jimbo, na yeye akaitwa. Alicheza majaribio, na akakatwa. Aliyemkata alimwambia kwamba ana moyo, lakini msingi wake una kasoro, na kiwango cha juu kitamfichua.

"Nimekosa kipira kipi?" mwanangu akamwuliza.

Yule bwana akatazama karatasi zake, akasema hakumbuki.

"Mimi nakumbuka," akamwambia. "Sikukosa." Akachukua begi lake.

Sasa anacheza timu ya kwanza ya kijiji cha baba yake, mtu wa mbele, pembeni kulia. Amemaliza masomo, ana kazi huko, amepanga nyumba na vijana wenzake wa timu, na siku za mechi anawapikia pilau, wanakula mpaka wanashindwa kuinuka. Jimbo halijamwita tena, na pengine halitamwita. Kocha mzee bado anamwambia, kila mwanzo wa msimu, kwamba hajachelewa kubadilisha mikono. Naye kila mwanzo wa msimu anamjibu kwamba hajachelewa mzee kuzoea.

Na ami yangu tulipatana, kama ndugu wanavyopatana, bila kuzungumza. Lakini fikra zake hazijabadilika, na mimi sijamwomba azibadilishe. Juzi kwenye harusi ya mjukuu wake, wanawake wa ukoo walikuwa wakitajiana watoto, nani yupo wizarani, nani kafungua zahanati. Mmoja akamgeukia mama yangu: "Na yule wenu wa Kizungu, anafanya nini?"

"Wetu si wa Kizungu," Mama akasema. "Wetu anacheza magongo."

"Magongo? Kazi ndiyo hiyo?"

"Kazi anayo. Mimi nimekwambia anachofanya."

Jumamosi wana mechi ya ugenini, dhidi ya timu iliyowafunga vibaya mwaka jana. Nimemwuliza kama ana wasiwasi. Akaniambia beki atakayemkaba ni yuleyule aliyemvunja jino katika mechi ile, na kwamba hajalala vizuri wiki nzima kwa hamu.